Kiungo Kisichokuwepo kwenye Simu

Tovuti nyingi huidhinishwa kwenye skrini kubwa. Fundi anakuja ofisini na laptop yake, anaiunganisha na projekta, bosi amekaa mwisho wa meza, menyu inashuka vizuri, rangi za kampuni zimekaa sawa, na malipo ya mwisho yanatoka. Hakuna anayetoa simu mfukoni kuangalia. Kumbe Google nayo inapita kukagua, na inachokagua siyo kile kilichokuwa ukutani.

Roboti ya Google inayosoma kurasa za intaneti hujitambulisha kwa seva kama simu ya Android. Kwa jina kabisa hujiita Nexus 5X, simu iliyotoka mwaka 2015, ingawa kivinjari inachotumia ndani ni cha kisasa. Mpango wa kusoma tovuti kwa jicho la simu ulitangazwa Novemba 2016, ukaanza kutekelezwa kwa upana Machi 2018, tovuti mpya zikaanza kusomwa hivyo moja kwa moja Julai 2019, na mwisho wa Oktoba 2023 Google ikatangaza kwamba kazi ya kuhamisha imekwisha. Julai 2024 ikaongeza jingine: tovuti isiyofunguka kabisa kwenye simu haitaingizwa tena katika fahirisi yake. Roboti ya kompyuta bado hupita mara mojamoja, lakini uamuzi hautegemei ilichokiona yenyewe.

Jambo ambalo wenye tovuti wengi hawalijui ni kwamba fahirisi ni moja tu. Hakuna ya watu wa simu na nyingine ya watu wa kompyuta. Mhasibu aliyekaa ofisini Nairobi mbele ya kompyuta ya mezani, akitafuta huduma yako, analetewa matokeo yaliyopimwa kwa kurasa zako kama zilivyosomwa na simu. Kwa hiyo ukinyofoa kitu kwenye toleo la simu ili liwe jepesi, umekinyofoa kwa wote. Na kitu kinachonyofolewa mara nyingi kuliko vyote, bila mtu kukionea huruma, ni viungo.

Kiungo ndani ya tovuti kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza ni njia: roboti haina ramani ya kichwani, inafika ukurasa wa pili kwa kufuata kiungo kilichoko ukurasa wa kwanza. Pili ni ushahidi wa umuhimu. Larry Page na Sergey Brin walipoandika kuhusu injini yao wakiwa Stanford mwaka 1998, msingi wa hesabu yao ulikuwa kwamba ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi, hasa kurasa zenye uzito, una uzito zaidi. Google imeongeza mambo mengi tangu hapo, lakini viungo havijatoka kwenye hesabu. Na hesabu hiyo haiangalii tu nani wa nje amekutaja. Inaangalia pia wewe mwenyewe, ndani ya nyumba yako, unaelekeza wapi mara nyingi.

Tuchukue tovuti ya kampuni ya utalii ya Arusha, ya kufikirika, ila ukizunguka utakuta za namna hiyo nyingi. Kwenye kompyuta ina menyu pana. Ukipeleka kishale juu ya neno Kilimanjaro, linafunguka pazia lenye njia za kupandia: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe. Ukienda kwenye Safari unakuta Serengeti, Ngorongoro, Tarangire, Manyara. Chini ya kila ukurasa kuna safu tatu za viungo: bei, maswali ya wageni, vifaa vya kubeba, makala. Pembeni mwa kila makala kuna kisanduku cha "Soma pia". Tuseme tovuti nzima ina kurasa 80. Maana yake ukurasa wa Lemosho unaelekezewa na kurasa zote 80, maana menyu iko kila mahali.

Sasa fungua tovuti hiyohiyo kwenye simu. Ile menyu pana imegeuka vistari vitatu. Ukivigusa unapata maneno matano: Nyumbani, Kilimanjaro, Safari, Kuhusu Sisi, Wasiliana. Safu tatu za chini zimeondolewa, limebaki jina la kampuni na mwaka. Kisanduku cha "Soma pia" hakipo. Ukiingia Kilimanjaro unakuta njia mbili za mwanzo, halafu kitufe cha "Onyesha zaidi". Lemosho iko nyuma ya kitufe.

Mgeni atagusa kitufe. Roboti haigusi. Google imeshasema wazi kwamba roboti yake haibonyezi vitufe wala haitelezeshi ukurasa kama mtu. Inafuata viungo vilivyoandikwa kama viungo, yaani vyenye anwani ndani ya href. Basi ukurasa uliokuwa na mikono 80 inayouonyesha umebaki hauna hata mmoja. Mkurugenzi anapiga simu kwa fundi kuuliza mbona zamani ukitafuta Lemosho tulikuwa tunaonekana, fundi anaanza kuzungumzia maneno muhimu na kasi ya seva. Wanatafuta mchawi na huku menyu imekaa palepale.

Hapa inabidi tutenganishe hali tatu, maana watu huzichanganya, na wengine hutozwa pesa kwa kuchanganyiwa.

Hali ya kwanza ni kiungo kilichofichwa kwa macho tu. Menyu iliyo ndani ya vistari vitatu, maswali na majibu yanayofunguka ukigusa mshale, jedwali lililokunjwa: hivi vyote, kama vimo ndani ya msimbo wa ukurasa tangu unapofunguka, Google inavisoma. Zamani maandishi yaliyokunjwa yalipunguziwa uzito, ila kwa simu Google ilikubali kwamba skrini ni ndogo na kukunja ni jambo la kawaida, kwa hiyo hayapunguziwi. Akija mtu akikwambia vistari vitatu vinaua SEO yako, yaani kuonekana kwako kwenye Google, mshukuru, muage.

Hali ya pili ni kiungo ambacho seva haikukileta kabisa. Tovuti nyingine huuliza kwanza "wewe ni nani?" na zikisikia "simu" zinatoa ukurasa tofauti, uliopunguzwa. Violezo kadhaa vya WordPress hufanya hivyo, na programu-jalizi za kuongeza kasi pia hufanya hivyo kimyakimya. Kiungo hicho hakimo kwenye msimbo, kwa hiyo kwa Google hakipo, wala hakuna cha kujadili.

Hali ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inaonekana kama ipo. Ni kiungo kinachozaliwa baada ya kugusa. Kitufe cha "Onyesha zaidi", orodha ya bidhaa inayoendelea kujileta unapoteremka chini, neno lililopakwa rangi ya bluu lakini ndani yake ni amri ya JavaScript isiyo na anwani. Kama viungo vinajipanga vyenyewe ukurasa unapofunguka, hata kama vimeletwa na JavaScript, Google itavipata, kwa kuwa inafungua kurasa kwa kivinjari kamili. Vinavyongoja kidole ndivyo vinavyopotea. Dawa yake haina gharama kubwa: chini ya orodha weka kurasa za 1, 2, 3 zenye anwani zake halisi, hata kama mgeni wa kawaida hatazitumia.

Utaambiwa, "Lakini si tuna faili la ramani ya tovuti?" Ni kweli, lile faili linasaidia Google kujua kwamba ukurasa upo. Haliupi uzito. Ukurasa uliomo kwenye ramani lakini hauelekezewi na ukurasa wowote wa tovuti yako mwenyewe unaiambia Google kwamba hata mwenye mali haujali.

Kujua uko hali gani hakuhitaji mtaalamu. Kama una simu ya Android, fungua Chrome, andika view-source: halafu, bila nafasi, anwani kamili ya ukurasa wako. Utaletewa msimbo, msitu wa herufi, usiogope. Nenda kwenye nukta tatu za juu, chagua kutafuta ndani ya ukurasa, andika sehemu ya anwani ya ukurasa unaoujali, mathalani "lemosho". Ikitokea mara kadhaa ndani ya href, uko salama. Ikigoma kutokea, usihitimishe papo hapo, kwa sababu msimbo huo ni ule wa kabla JavaScript haijafanya kazi yake. Nenda Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, bandika anwani ileile kwenye kisanduku cha ukaguzi wa URL, omba jaribio la moja kwa moja, halafu fungua sehemu inayoonyesha HTML kama Google ilivyoiona. Tafuta tena neno lilelile. Hapo jibu ni la mwisho.

Kuna kosa moja la ukaguzi ninalolikuta kila mara. Mtu anakaa kwenye kompyuta, anabana dirisha la kivinjari mpaka liwe jembamba, anasema ameangalia toleo la simu. Ameangalia mpangilio tu. Seva bado inajua anatumia kompyuta, na kama inatoa kurasa mbili tofauti, amepewa ile ya kompyuta ikiwa imebanwa. Ukitaka kutumia kompyuta, fungua zana za wasanidi ndani ya Chrome, washa hali ya kifaa, chagua simu, kisha pakia upya ukurasa. Bila kupakia upya unajidanganya.

Halafu zipo tovuti zilizojenga nyumba mbili kabisa: moja kwa anwani ya kawaida, nyingine yenye herufi m mbele. Mtindo huu ulishika wakati simu zilikuwa na skrini ya kiganja na intaneti ya kusuasua, na kwa wakati huo ulikuwa na maana. Mwaka 2010 Ethan Marcotte alipendekeza njia nyingine, ukurasa mmoja unaojipanga kufuatana na upana wa skrini, na leo ndiyo njia ambayo Google yenyewe inashauri. Lakini nyumba mbili bado zipo, hasa kwenye magazeti ya zamani, vyuo na taasisi za serikali.

Mfano unaojulikana kuliko wote ni Wikipedia. Kwa miaka mingi Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa na sw.wikipedia.org kwa kompyuta na sw.m.wikipedia.org kwa simu. Ukifungua ya kompyuta ukiwa na simu, ulihamishwa. Kinyume chake hakikufanyika: mwalimu akinakili kiungo kwenye simu yake na kukitupa kwenye kundi la WhatsApp, mwenzake aliyekifungua kwenye kompyuta alibaki na ukurasa wa simu, menyu imefichwa, akidhani tovuti imebadilishwa sura. Viungo vilivyosambaa duniani kwa makala moja vikawa vya aina mbili. Mwaka 2025 Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, wakaachana na mtindo huo na kuanza kutoa matoleo yote mawili kwenye anwani moja. Ikiwa shirika lenye mafundi wa kiwango hicho limeona nyumba mbili ni mzigo, wewe mwenye fundi mmoja anayekuja Jumamosi unazitunza za nini?

Kama huna budi kubaki nazo kwa sasa, mambo yafuatayo hayana mjadala. Kila ukurasa wa kompyuta utaje mwenzake wa simu kwa rel="alternate", na ule wa simu umtaje wa kompyuta kwa rel="canonical". Mwelekeo huo haukubadilika Google ilipohamia kwenye simu. Waliogeuza canonical ili ielekee kwenye m walijitwisha kazi ambayo Google ilisema haihitajiki. Kama una lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, viungo vya hreflang vya simu vielekee kurasa za simu na vya kompyuta kurasa za kompyuta. Angalia pia faili la robots.txt la upande wa m, lile linaloiambia roboti isiingie wapi, maana linajitegemea, na limewahi kusahaulika likiwa limefunga mlango tangu siku za majaribio.

Kubwa kuliko yote ni uelekezaji. Mgeni amegusa matokeo ya Google yanayosema "Bei ya kupanda Lemosho", anatupwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa m, eti kwa sababu ukurasa wa Lemosho haukutengenezwa upande wa simu. Ni sawa na kumwomba mtu akupeleke Kariakoo akakushusha Ubungo na kukwambia mji ni huuhuu. Google ilianza kuwaonya watafutaji kuhusu tovuti za namna hiyo mwaka 2014. Kila ukurasa wa kompyuta uende kwa mwenzake hasa. Kama hauna mwenzake, afadhali mgeni aonyeshwe ule wa kompyuta, abane macho, lakini apate alichofuata.

Na siku ukiamua kuziunganisha, elekeza kila anwani ya m kwenye anwani yake mpya kwa uelekezaji wa kudumu, wa 301, ukurasa kwa ukurasa. Usifute tu. Kuna watu waliokuunganisha miaka sita iliyopita kutoka kwenye blogu zao na kurasa za vyuo, na viungo vyao bado vinakuja kwenye ile m. Hiyo ni mali. Uiache hiyo 301 ikae mwaka mzima au zaidi, haili chakula.

Viungo vinavyokuja kutoka nje, kwa ujumla, havijali umetengeneza nyumba ngapi, lakini simu imebadilisha namna vinavyozaliwa. Mtu hunakili anwani kutoka Facebook ikiwa na mkia mrefu wa fbclid, au kutoka kwenye tangazo ikiwa na utm. Mikia hiyo ikibandikwa kwenye tovuti ya mtu inatengeneza anwani nyingi kwa ukurasa mmoja. Ukurasa wako ukijitaja wenyewe kwa canonical, Google kwa kawaida huzikusanya pamoja. Vile vinavyotumwa ndani ya WhatsApp roboti haivioni, na havihesabiwi. Ila vinaleta watu, na ndiko wateja wengi wa Dar es Salaam na Mombasa wanakotokea, kwa hiyo usivipuuze kwa sababu tu havimo kwenye ripoti ya viungo.

Tukija kwenye kidole chenyewe. Kishale cha kompyuta kina ncha. Kidole gumba hakina. Zana ya Lighthouse ya Google ilikuwa ikitumia pikseli 48 kama ukubwa wa kufaa wa sehemu ya kuguswa, na miongozo ya ufikivu ya WCAG 2.2 ya mwaka 2023 imeweka 24 kama kiwango cha chini. Viungo vya chini ya ukurasa vilivyobanana kama abiria wa daladala ya asubuhi havitakushusha sana kwenye Google kwa wenyewe; vitakupotezea mtu aliyetaka bei akaangukia sera ya faragha, akarudi nyuma, akaenda kwa jirani.

Maneno ya kiungo nayo yana uzito mkubwa kwenye simu kuliko kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta mtu huweza kuelea juu ya kiungo na kuona kinakoenda. Kwenye simu haoni kitu mpaka aguse, na kugusa ni bando. "Bofya hapa" haimwambii chochote, wala haiiambii Google chochote. "Bei ya Lemosho siku 8" inawaambia wote wawili. Pale ambapo mafundi hufupisha maneno ili yatoshe kwenye skrini ndogo, "Njia ya Lemosho" inakuwa "Zaidi", na kiungo kinabaki mwili bila jina. Ruhusu maneno yashuke mstari wa pili. Hakuna aliyekufa kwa mistari miwili.

Kwa namba ya simu weka kiungo cha tel:, na kwa WhatsApp weka wa.me ikifuatiwa na 255 au 254 na namba bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Hivi havina faida ya SEO hata kidogo, navitaja kwa sababu ndivyo vinavyoleta hela, na nimeona tovuti zilizowekwa namba ndani ya picha.

Sasa, usije ukachukua ushauri huu ukarundika kila kitu kwenye simu. Toleo la simu halilazimiki kufanana na la kompyuta nukta kwa nukta. Mpangilio unaweza kubadilika, picha zikapungua, viungo vya mapambo vikatoka. Menyu yenye viungo 150 kwenye kila ukurasa ni kelele hata kwenye kompyuta. Ukielekeza kila mahali hujaonyesha kipi ni muhimu. Ila usipunguze kila kitu: ule mstari wa njia, "Nyumbani, Kilimanjaro, Lemosho", unaondolewa kwenye simu kwa madai kwamba Google yenyewe imeacha kuuonyesha kwenye matokeo ya simu. Ni kweli iliuacha Januari 2025, ikabakiza jina la kikoa tu. Lakini kilichoachwa ni mwonekano kwenye matokeo. Ndani ya tovuti yako mstari huo bado ni viungo halali vinavyopanda juu kwenye kurasa mama, na unachukua nafasi ndogo sana. Uache.

Mkipeana kazi na fundi mpya, andikeni kwenye makubaliano kwamba kurasa zenu za biashara zitafikika kwenye simu kwa viungo vyenye anwani, na kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya kuonyeshwa HTML ya simu kutoka Search Console. Fundi mzuri hatanuna. Kama tovuti ipo tayari, anza na kurasa tano zinazokuletea wateja, siyo zote 80. Zitafute moja moja kwenye msimbo wa simu wa ukurasa wa mwanzo, rudisha zisizokuwepo, omba Google izipitie upya, kisha fungua ripoti ya utendaji na uandike mahali idadi ya mibofyo ya kila ukurasa kwa simu na kwa kompyuta. Usiiangalie tena kesho yake. Rudi baada ya wiki nne au sita, ulinganishe safu zote mbili, na usishangae ukikuta hata ile ya kompyuta imesogea.